Bastola Isiyoweza Kuanza Ugomvi

Kuna bastola moja ambayo haijawahi kutengenezwa, nami nimeifikiria kuliko silaha yoyote iliyowahi kuwako. Ni ndogo, hukaa kiunoni bila kumlemea mtu. Mwenyewe akitishiwa, huruka ikamwingia mkononi kabla hajaipapasa. Humzungushia ngao isiyopenywa na miali ya silaha nyingine. Na sifa yake kuu, ile inayonirudisha kwake kila mara, ni kwamba haikubali kushambulia. Mtu akimwelekezea asiyemkosea, haifyatuki. Inajua, kwa namna ambayo aliyeibuni hakujitaabisha sana kuieleza, tofauti ya mchokozi na mchokozwa.

Aliyeibuni ni A. E. van Vogt, mzaliwa wa Manitoba, Kanada, ambaye mwanzoni mwa Vita Vikuu vya Pili alikuwa karani katika Wizara ya Ulinzi mjini Ottawa, kisha akaacha kazi ili aishi kwa kalamu. Hadithi yake "The Weapon Shop" ilichapishwa Desemba 1942 katika jarida la Marekani la Astounding, na mwaka 1951 ikaingizwa ndani ya riwaya The Weapon Shops of Isher. Tumo katika dunia ya maelfu ya miaka ijayo, chini ya Malkia Innelda wa nasaba ya Isher. Katika miji na vijiji vya dola yake huzuka maduka ya silaha ambayo serikali haina uwezo wa kuyabomoa. Milango yake humfungukia raia na kumkataa askari. Bango lililo juu ya kila duka huufanya uhuru na haki ya kununua silaha kuwa kitu kimoja. Anayetafuta nathari ya kupendeza asitarajie mengi humu. Van Vogt aliandika kama mtu anayekimbizwa. Lakini mawazo yake hayamtoki msomaji upesi.

Mhusika wa hadithi ile ya kwanza, Fara Clark, ni fundi wa injini za atomiki katika kijiji cha Glay: mchapakazi, baba mkali, raia anayeamini kwamba Malkia hakosei na kwamba mwenye kulalamika ni mvivu. Duka la silaha linapozuka kijijini kwake, yeye ndiye anayelipinga kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha dunia inamgeuka. Mwanawe anamtwisha deni la benki, analilipa kwa taabu. Mara kampuni kubwa inafungua karakana inayotoza bei ambazo fundi mmoja hawezi kushindana nazo, na wateja waliomjua miaka yote wanahamia huko. Anapoteza kila kitu mchana kweupe, bila mtu yeyote kumnyanyulia mkono. Ndipo anapoingia katika duka alilolichukia, akitaka bastola ya kujiulia. Yaliyomkuta humo nitayarudia.

Hadithi hii ilinijia upya mwaka jana, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Houston. Ni mtoto wa mama mdogo. Tulilelewa nyumba moja, Tanga. Anafanya kazi ya usiku katika duka la kituo cha mafuta, na hulifunga peke yake saa nane za usiku. Wiki ile aliingia mtu aliyefunika uso, akamwonyesha bastola, akachukua fedha za kwenye droo, akatoka. Mdogo wangu hakuguswa. Kesho yake mwenye duka alimwambia: nunua yako, ziko ndogo siku hizi, unaitia mfukoni na hakuna anayejua. "Kaka," akaniuliza, "nifanye nini?"

Sheria haikuwa kizuizi. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, amepita miaka 21, na Texas tangu Septemba 2021 hairuhusu tu mtu kama yeye kumiliki bastola, bali pia kutembea nayo bila kibali. Tena sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2007 imemwondolea mtu aliyepo mahali kihalali, asiyemchokoza mwenziwe wala hatendi jinai, wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu. Mimi naishi Uingereza, ambako bastola karibu zote zilipigwa marufuku kwa raia mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule ya Dunblane mwaka mmoja nyuma yake. Kwa hiyo swali lake liliniijia kama aliye majini anavyomwita aliyeketi ufukweni. Na aliyeketi ufukweni, kama kawaida yake, alijibu kwa kitabu.

Nilimkumbusha darsa tuliyokuwa tukiisikiliza utotoni baina ya magharibi na isha. Vitabu vya fiqhi ya Shafi, ambayo ndiyo fiqhi ya pwani yetu, vina mlango mzima juu ya mtu anayeshambuliwa. Hukumu zake zimepangwa mfano wa ngazi. Mshambuliaji anayeweza kuzuiwa kwa maneno, au kwa kuita watu, hapigwi. Anayeweza kuzuiwa kwa mkono hapigwi kwa mjeledi. Na wa mjeledi hapigwi kwa gongo. Ikiwa kumjeruhi kiungo kunatosha, kumwua ni haramu. Na kama mtu ana njia ya kukimbia au ya kujihifadhi, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba akimbie. Tukiwa watoto tuliicheka hukumu hiyo ya mwisho, maana katika michezo yetu mkimbizi alikuwa mwoga. Utu uzimani naiona kuwa ndiyo jiwe la msingi. Fiqhi haitosheki kujua nani ameanza. Inamrudia hata asiye na kosa ikimwuliza: je, ulihitaji kufika huku?

Bunilizi za kisayansi nazo zinaijua ngazi hiyo. Katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966, silaha ndogo kuliko zote iitwayo phaser hutoshea kiganjani, na asiyeijua angeidhania kijisanduku cha kuwekea vitu vidogo. Ina daraja. Ikiwekwa chini humzimisha mtu fahamu akazinduka baadaye. Ikiwekwa juu humfuta kabisa. Waandishi wake walikuwa watu wenye nia njema: walitaka mabaharia wa nyota wenye silaha lakini wasio wauaji. Hata hivyo ngazi ya phaser inaanzia mahali ambapo ngazi ya darsa inakaribia kuisha. Kidato chake cha chini kabisa tayari ni kufyatua. Maneno, ukemi, miguu ya kukimbilia, vyote hivyo haviko kwenye swichi. Na kwa kuwa kidato hicho hakina gharama, kwamba aliyepigwa ataamka na kichwa kikimgonga tu, mkono wa mwenye silaha huwa mwepesi. Kwa nini ubembeleze na kujadiliana ikiwa unaweza kumlaza mtu kwanza?

Hili silisemi kwa kukisia. Silaha ya namna hiyo imekwishatoka vitabuni ikaingia mitaani. Jack Cover, Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa shirika la NASA, alitengeneza katika miaka ya 1970 kifaa cha kumpooza mtu kwa umeme, akakipa jina kutokana na kitabu cha utotoni mwake: Tom Swift and His Electric Rifle, cha mwaka 1911. Kutoka hapo tukapata Taser. Wengi wanaolitamka jina hilo hawajui kwamba bunduki ile ya umeme ilipelekwa katika safari ya Afrika. Kijana Tom anakuja bara letu kuwinda ndovu kwa ajili ya pembe zao, na kabla ya kurasa kwisha analenga pia watu wafupi, waliochorwa kitabuni kama wanyama waovu waliowateka wamisionari. Hata humo bunduki ina daraja, na hata humo Tom anajiona anajihami. Hakuna ukurasa unaouliza alifuata nini huko.

Taser ilikusudiwa kuchukua nafasi ya risasi. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilihesabu vifo zaidi ya 1,000 vilivyofuatia matumizi yake na polisi wa Marekani. Si kila kifo kati ya hivyo kilisababishwa na umeme wenyewe, na yapo maisha ambayo kifaa hicho kimeyaokoa. Lakini katika visa vingi swali halikuwa Taser badala ya risasi. Lilikuwa Taser badala ya subira.

Yote haya, au sehemu yake, nilimweleza mdogo wangu kwenye simu. Alinisikiliza kwa adabu aliyofunzwa. Kisha akasema: "Kaka, ngazi yako ina vidato vingi. Mimi nina sekunde mbili." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Na nikipiga ukemi, nani atakuja?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona kwamba katika mazungumzo yale yeye ndiye aliyesema jambo la maana. Ngazi ya darsa ilijengwa na watu walioishi mtaani. Kidato chake cha kwanza, kuita watu, kina nguvu kwa sababu wapo watu. Tanga ya utoto wetu ukemi mmoja ungetoa wanaume katika nyumba kumi, wengine na vikoi vyao tu. Katika barabara ile ya Houston saa nane za usiku yapo magari yapitayo kwa kasi, taa za dukani, na kamera ambayo itaonyesha vizuri sana baadaye jinsi alivyouawa. Ukimwondolea mtu jirani, kisha ukamhubiria subira, unamwomba abebe peke yake mzigo uliokuwa wa kijiji. Bastola ya mfukoni ndiyo inayouzwa kujaza pengo hilo. Ni jirani wa chuma.

Hapo nikairudia hadithi ya van Vogt kwa jicho jingine. Fara Clark alipoingia dukani hakupewa bastola akaondoka. Alipitishwa akajikuta mahali asipopajua, penye kumbukumbu za madhila ya watu wa dola nzima, na huko kesi yake ikasikilizwa. Akafahamishwa kwamba benki iliyombana na kampuni iliyomfilisi zilikuwa na mkono mmoja nyuma yake, na kwamba mkono huo ulifika hadi kwa Malkia aliyempenda. Akaamuliwa kulipwa fidia. Baada ya hayo ndipo alipotoka na silaha kiunoni kwenda kuidai karakana yake. Kumbe duka lile ni mlango tu. Nyuma yake kuna baraza: mahakama ya pili, yenye kumbukumbu, yenye fedha, isiyonunulika, inayomngoja mnyonge aliyekata tamaa.

Wasomaji wengi wa riwaya hii, hasa Marekani, wamelishika bango la dukani wakaliacha baraza. Nadhani van Vogt mwenyewe amechangia kosa hilo, kwa kuwa bastola inapendeza zaidi kuisimulia kuliko daftari la malalamiko. Lakini pima: ni kitu gani kilichomwokoa Fara? Dhuluma aliyotendewa haikuwa na risasi. Benki haikumtolea silaha. Kampuni ilishusha bei tu. Angekuwa na bastola ile tangu mwanzo, ingelala kiunoni kimya siku zote za kufilisiwa kwake, maana isingeona shambulio lolote. Na angeipeleka benki kwa hasira, ingemgomea, kwa sababu pale kaunta mchokozi angekuwa yeye. Silaha inayojua nani ameanza inaanza kuhesabu pale mkono unapoinuliwa. Dhuluma huwa imeanza kitambo. Ndiyo maana mwandishi alilazimika kuweka baraza nyuma ya duka. Bila hilo bastola yake ingekuwa mlinzi mwaminifu wa mambo kama yalivyo, na Malkia angeigawa bure.

Wapo waliojaribu kulitia baraza ndani ya silaha yenyewe. Katika Psycho-Pass, mfululizo wa katuni wa Kijapani wa mwaka 2012, askari hubeba silaha iitwayo Dominator, iliyounganishwa na mtambo unaopima nafsi ya mtu na kumpa alama ya uhalifu. Alama ikiwa chini ya 100, silaha hujifunga. Ikifika 100 hupooza. Ikifika 300 huua. Anayeishika hana la kuamua zaidi ya kufyatua. Katika kipindi cha kwanza kabisa askari wanamkuta mwanamke aliyetekwa na kunajisiwa. Hofu na uchungu vimempandisha alama, na silaha, kwa sauti yake tulivu, inajigeuza iwe ya kumwua yeye, mdhulumiwa. Anayemwokoa ni askari mgeni kazini, binti mdogo, anayemfyatulia mwenzake ili asimpige yule mwanamke. Silaini iliona nafsi iliyoharibika. Haikuweza kuona nani ameiharibu.

Duniani kwetu majaribio ni madogo zaidi. Kampuni ya Kijerumani ya Armatix ilitoa bastola iitwayo iP1, isiyofyatuka mpaka saa yake maalumu iwe karibu, mkononi mwa mwenyewe. Wauza silaha wa Marekani waliotaka kuiuza mwaka 2014 walikabiliwa na ghadhabu ya wateja wakaiondoa, na mwaka 2017 fundi mmoja akaonyesha kuwa sumaku chache za bei ndogo zinatosha kuifungua. Hata ingefaulu, ingejua ni nani aliyeishika. Kwa nini ameishika ni suala ambalo hakuna saa iliyowahi kulikaribia.

Najua pingamizi linalokuja. Mtu ataniambia: acha Malkia na benki, acha katuni, usiku ule dukani aliyeanza alijulikana. Kweli. Mtu aliyefunika uso aliingia na silaha, na mdogo wangu alikuwa akipanga soda. Kama kungekuwa na mahali ambapo bastola ya Isher ingejua la kufanya bila kuhitaji mahakama, ni pale. Ingeruka mkononi mwake, ngao ingemfunika, ingemkubalia.

Hapo ndipo inaponitisha. Ingemkubalia, kwa sababu swali lake moja lingekuwa limejibiwa. Lakini yule mtu alichukua fedha akaondoka. Baadaye, tulipokuwa tumekwisha kuzungumza mengine, mdogo wangu aliniambia jambo ambalo hakuwaambia polisi: kwamba mkono wa mwizi ulikuwa ukitetemeka, kwamba sauti ilikuwa ya mtoto, labda wa miaka 16, na kwamba alipofika mlangoni aliomba radhi. Droo ilikuwa na dola zisizofika mia mbili, na hazikuwa zake. Sheria ya Texas pengine ingemwachia. Bastola ya van Vogt ingemwachia. Je, yeye angejiachia? Nilimwuliza. Akasema, "Sijui, kaka. Lakini yeye je, naye angeniachia? Mkono unaotetemeka hufyatua bila kukusudia." Na hilo nalo ni kweli, wala sioni namna ya kulifuta ukweli wake kwa hoja ya upande wa pili. Ruhusa ya kuua ilikuwapo. Haja haikuthibiti ila baada ya mtu kutoka, na kujihami hakungoji mtu atoke.

Kwa hiyo sikumwambia usinunue. Sina haki hiyo, mimi ninayelala katika nchi ambayo wengine walikwishaniamulia. Nilichoweza kukikataa ni ile ahadi aliyopewa na mwenye duka: kwamba kitu kidogo kama kile, kikishakuwa mfukoni, kinamaliza jambo. Mwenye duka aliyetaka kumaliza jambo angeweka mtu wa pili zamu ya usiku. Angefunga saa nne. Bastola ilikuwa rahisi kuliko mshahara, na angeinunua mfanyakazi kwa fedha zake.

Bastola hakununua, au, kama anavyonisahihisha, hajanunua bado. Tulichofanya ni kitu kidogo tu. Saa nane za usiku za Houston ni saa mbili asubuhi kwangu. Anapoanza kufunga hesabu hunipigia, akaweka simu kaunta na sauti wazi, nami huku nachemsha chai. Hatuzungumzi sana. Nasikia droo, nasikia swichi za taa zikizimwa moja baada ya moja, kisha funguo. Kutoka mlangoni hadi garini ni hatua 31. Alizihesabu yeye, nami nazihesabu pamoja naye. Likitokea la kutokea sitaweza kumfikia, naye anajua hivyo. Juzi alipokuwa ameshafungua mlango wa gari alisimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amekaa kwenye kijiwe cha basi, upande wa pili wa barabara, amevaa kofia ya kufunika kichwa. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Hafanyi kitu. Amekaa." Tukangoja, mimi na sufuria mkononi, mpaka basi likaja.